Hewa ya Godauni

Mijusi ndio walioanza kutoweka. Chumba kidogo kilichokuwa nyuma ya godauni la mahindi la Anania Siwale, mjini Tunduma, kilikuwa na mijusi wa ukutani, wale weupe wanaokaa karibu na taa kusubiri wadudu. Ikupa Kibona alikuwa amewazoea kiasi cha kuwasalimia anapofungua mlango. Mwezi wa sita alimkuta mmoja sakafuni, tumbo juu. Akamfagia. Baadaye akafagia wengine. Kisha hakukuwa na mjusi, wala mbu, wala buibui, na Ikupa akaridhika kwamba hatimaye chumba chake cha seva kimekuwa safi.

Ikupa alikuwa mzaliwa wa Ibaba, kwenye milima ya Ileje, mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mpole wa sauti na mgumu wa kubadilisha mawazo. Alisomea kompyuta Mbeya, akateremka Tunduma kutafuta kazi, akaipata kwa Anania. Biashara ya Anania ilikuwa mahindi. Pembeni alikuwa na duka la fotokopi lililochapa nyaraka za madereva wa malori, na ndani ya duka hilo Ikupa aliotesha biashara nyingine: kutunza tovuti za watu. Mawakala wa forodha walizileta kwake, zikafuata shule, makanisa, nyumba za wageni na vikundi vya wakulima wa kahawa. Kila mteja alikuwa na chumba chake, lakini wote walikaa kwenye nyumba moja, yaani seva moja yenye wapangaji wengi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kukodi. Ilikuwa kwenye kile wanachokiita wingu, na wingu ni mashine za mtu mwingine, zilizoko mahali ambapo Anania na Ikupa hawajawahi kufika.

Anania hakuwahi kulipenda wingu. Alikuwa mtu wa kuchoma gunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka, akaziona punje kiganjani, akazing'ata, ndipo akasema bei. Siku kampuni ya nje ilipozifunga tovuti zote kwa sababu kadi ya benki ilikataa kulipa dola, mawakala walijaa dukani kwake wakimsema, na yeye akapiga namba ya msaada mpaka salio likaisha.

"Nimeongea na kanda iliyorekodiwa," alimwambia Ikupa. "Mwanamke wa kwenye kanda. Ananishukuru kwa uvumilivu wangu. Binti, mimi nataka kitu nikikipiga teke, mguu uniume."

Basi akanunua seva mbili zilizotumika, kutoka Dar es Salaam, nzito, za chuma, na madereva wa Kizambia waliokuwa wakisubiri mzigo wakamtania wakimwita ba mudala, yaani mzee, wakimuuliza kama majokofu hayo ni ya samaki. Hakujali. Alizipiga teke kidogo, akacheka.

Mahali pa kuziweka alichagua Ikupa. Jambo hili alilirudia baadaye kwa kila aliyemuuliza, bila kuongeza wala kupunguza. Dukani kulikuwa na joto, vumbi, na moshi wa foleni ya malori inayokwenda mpakani. Godauni lilikuwa na kuta nene, paa la juu, ubaridi mchana kutwa, mlinzi wake, na umeme wa nguvu uliovutwa kwa ajili ya mashine ya kupepeta. Hizo zilikuwa sababu alizomweleza Anania. Iliyobaki hakuieleza kwa sababu hakuona kama ni sababu. Kwao Ibaba, kitu cha thamani huwekwa kwenye mahindi. Cheti cha ndoa cha baba yake, suti yake moja, hati ya shamba, vyote vilikaa ndani ya kihenge, katikati ya nafaka, kwa kuwa nyumba yaweza kuachwa peke yake lakini mahindi hayaachwi. Mtu wa milima ile akisema kitu kiko salama, mara nyingi anamaanisha kiko na mahindi.

Ikupa akaongeza la kwake. Seva hutoa joto, na joto huziua. Kiyoyozi kilikuwa ghali kukiendesha. Akatoboa ukuta unaotenganisha chumba chake na godauni, akaweka feni kubwa ya kuvuta hewa ya kule, hewa baridi isiyo na moshi, kuileta huku. Ilifanya kazi vizuri mno. Mchana wa jua kali, chumba cha seva kilikuwa mahali penye ubaridi kuliko pote mtaani, na alikaa humo saa nyingi akiwa na sweta lake la Ileje, akihamisha wapangaji.

Aliwahamisha mmoja mmoja. Alinakili tovuti kutoka kule mbali, akaisimamisha kwenye mashine mpya, akaijaribu, akabadili anwani ili wageni waelekezwe Tunduma, akasubiri siku chache akisikiliza kama kuna anayelalamika. Seva ya pili aliipa kazi ya kunakili kila kitu cha ya kwanza, kila siku, ili moja ikianguka nyingine isimame. Mteja wa mwisho kuhamishwa kilikuwa kikundi cha kahawa cha Ihanda, na hakuwa wa mwisho kwa bahati. Ikupa alimwogopa.

Katibu wa kikundi hicho alikuwa Elizabeti Mwashiuya, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Wanunuzi wa kahawa wa Ulaya siku hizi wanataka kuiona ramani ya kila shamba, waridhike kwamba kahawa haikupandwa kwenye msitu uliokatwa. Misimu miwili Elizabeti alizunguka Ihanda na simu mkononi, shamba kwa shamba, kona kwa kona, wazee wakimfuata nyuma wakibishana mpaka wa nani uko wapi. Ugomvi mwingine ulikuwa wa tangu mababu, na uliishia pale pale kwenye simu yake. Ramani zote zilikuwa kwenye tovuti ya kikundi. Bila ramani, mnunuzi haji. Asipokuja, kahawa inarudi kwa walanguzi wanaoinunua ikiwa bado mtini.

"Mdogo wangu, kazi hii siwezi kuirudia," alimwambia Ikupa siku ya kuhamisha. "Wazee wawili waliokubaliana mpaka wamekwishakufa. Waliobaki hawatakubaliana."

Ikupa akamwambia asiwe na wasiwasi, ramani sasa ziko nyumbani.

Akaunti ya wingu ilibaki wazi, ikiwa na nakala ya kila kitu, na Anania hakuona maana ya kulisha ng'ombe wawili kwa maziwa ya mmoja. Mwisho wa mwezi wa sita aliingia chumbani, akaziangalia taa za kijani zinavyopepesa, akauliza, "Umeridhika?" Ikupa alikuwa ameumwa kichwa tangu asubuhi na alitaka aondoke. Akajibu kwamba ameridhika. Anania akaifunga akaunti jioni ile ile.

Wakati huo mahindi yalikuwa yanaingia. Msimamizi wa godauni, Damiano, mtu mnene mwenye mzaha kwa kila mtu, aliyapanga magunia kwa marundo yanayokaribia paa, mengine ya kwenda Kongo, mengine ya kusubiri bei. Mahindi yasiyopigwa dawa huliwa na wadudu kabla mnunuzi hajafika, kwa hiyo kila rundo lilifunikwa turubai, kingo zikalaliwa na vifuko vya mchanga, na chini yake vikawekwa vidonge vya kijivu ambavyo vikikutana na unyevu wa hewa hugeuka gesi. Siku kadhaa rundo hukaa hivyo, kimya. Likifunuliwa, hakuna kilicho hai ndani yake. Damiano alikuwa mwangalifu. Alivaa barakoa, alifukuza watu, alibandika bango la fuvu la kichwa. Ukuta wa Ikupa hakuufikiria. Dawa haipiti ukuta.

Mashine zilianza kukosea katikati ya mwezi wa saba. Kwanza waya wa mtandao ulipoteza mawasiliano na kurudi. Ikupa akabadilisha waya. Kisha seva ya kwanza ikalalamika kuhusu kibao cha kumbukumbu, akakichomoa, akakifuta, akakirudisha, ikatulia siku chache. Betri ya akiba ikakataa kushika chaji. Alilaumu umeme, akalaumu muuzaji wa Dar. Aliwaza hata kumlaumu Anania kwa mateke yake. Yeye mwenyewe hakuwa sawa. Alikuwa na kichefuchefu mchana, kifua kilibana, na jioni alipovua sweta alisikia harufu ya kitunguu saumu ambacho hakuwa amekipika. Mama mwenye nyumba alimtazama tumbo, akamuuliza kwa upole kama kuna habari njema. Ikupa alicheka. Jumapili, alipokuwa kanisani, kichwa kilipona. Jumatatu kilirudi.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, seva ya kwanza ilizimika na kuwaka yenyewe mara nyingi mfululizo. Ikupa akaizima, akaifungua, akakitoa kibao cha kumbukumbu akakipeleka mlangoni kwenye mwanga.

Meno ya kibao hicho, ambayo hung'aa kama dhahabu, yalikuwa na madoa meusi. Akachomoa kadi ya mtandao. Nyeusi. Akakwangua waya wa shaba kwa wembe na shaba ikatoka na unga mweusi, kama kitu kilichochomwa bila moto. Akafungua seva ya pili, ile ya kunusuru ya kwanza. Ilikuwa hivyo hivyo, kila mahali palipo na shaba. Mashine zote mbili zilikuwa zimekula sahani moja.

Akasimama katikati ya chumba na kibao mkononi. Feni ilivuma. Hewa baridi ikampiga usoni, na ndani yake harufu ya kitunguu saumu, safari hii nzito, yenye kitu cha samaki aliyeoza. Akafunga seva upesi, akaiwasha, akatoka, akafunga mlango kwa ufunguo. Nje akakaa kwenye ngazi.

Damiano alimkuta pale. Ikupa akamuuliza ni rundo gani lililopigwa dawa. Akasema ni lile kubwa la mwisho, amelifunika jana, amelisukuma mpaka ukutani ili apate nafasi ya malori. Ukuta upi? Ukuta wa nyuma, akasema, na alipokuwa akisema macho yake yakahamia kwenye chumba cha Ikupa, yakabaki hapo. Msimu mzima alikuwa akiisikia ile feni nyuma ya magunia. Alidhani inapuliza nje.

"Uliingia leo?" aliuliza. Mzaha ulikuwa umemtoka wote.

"Nimetoka sasa hivi."

"Usirudi humo, dada. Hata kama panaungua, usirudi."

Ikupa alikwenda dukani. Kwenye kompyuta ya pale angeweza kuzifikia seva kwa waya na kuzivuta ramani za Ihanda kabla hazijafa. Mnunuzi alikuwa amemwandikia Elizabeti kwamba atazipitia wiki ile. Akaanza kunakili. Mstari unaoonyesha kazi ilipofikia ulisogea, ukasimama, ukasogea, ukasimama kabisa. Wakati huo mawakala wawili walikuwa wameshapiga simu kwa Anania, na Anania alikuwa ameshapita nyuma kwenda godauni, na ufunguo wa akiba mkononi.

Ikupa alimkimbilia. Alimkuta mlangoni, ufunguo ukiwa tayari kwenye tundu.

"Humo kuna dawa, bosi."

"Dawa iko chini ya turubai. Humo kuna mashine zangu. Natoa hizo diski, mara moja, tunazichomeka kwingine."

"Feni inaivuta dawa. Niliiweka mimi."

"Umekaa humo miezi. Mbona uko hapa unanijibu?"

"Zile safari nyingine rundo lilikuwa mbali. Leo limegusa ukuta." Akaushika mkono wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Bosi, mijusi wote wamekufa. Mimi nilifagia."

Labda lilikuwa neno la mijusi, labda lilikuwa lile la mkono. Anania aliutoa ufunguo kwenye tundu. Nyuma ya mlango feni iliendelea kuvuma, ikivuta, ikijaza chumba, na kila walipokaa wakifikiri, shaba ilizidi kuliwa. Mein swichi ilikuwa nje, ukutani, chini ya kibati. Kuizima kulikuwa na maana ya kuzima shule zote, makanisa yote, mawakala wote, na ramani zikiwa katikati ya kunakiliwa. Ikupa alitazama ile swichi. Hakumwomba Anania ruhusa. Akaishusha. Feni ikapunguza mwendo, ikakohoa, ikanyamaza, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne mtu aliyesimama pale aliweza kusikia kunguru juu ya paa.

Walisubiri mpaka rundo likafunuliwa, milango ikaachwa wazi na Damiano akasema sasa. Siku hizo Anania alijibu simu mwenyewe, na wala hakumshukuru mtu kwa uvumilivu wake. Ikupa alipochomeka diski ya kwanza kwenye kompyuta ya dukani, haikujibu. Ya pili ilijibu, na hilo likawa baya zaidi. Seva ya kwanza ilipoanza kukosea ilimwandikia makosa mwenzake, na mwenzake aliyapokea kwa uaminifu kila siku, akiyaweka juu ya kilichokuwa sahihi. Tovuti za shule zilifunguka. Za mawakala nyingi zilifunguka. Ramani za Ihanda zilifunguka zikiwa na mashamba yaliyokatika katikati, kona zilizorukia ng'ambo ya mto, na majina bila ardhi.

Akampigia Elizabeti, akamwambia ukweli wote, pamoja na lile neno "nimeridhika". Kisha Ikupa akauliza kama ile simu iliyopimia mashamba bado ipo.

"Ipo, lakini imekufa tangu mwaka jana. Haiingizi chaji."

"Ilete hivyo hivyo."

Elizabeti aliondoka Ihanda alfajiri iliyofuata na akafika dukani jua likiwa limeshapanda, simu imefungwa kwenye leso. Hakumsalimia Ikupa kwa jina. Akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani, akitazama mikono yake. Anania aliagiza chai, na chai ikapoa.

Ikupa alifungua simu. Tundu la chaji lilikuwa limekwisha, akaling'oa kwa bisibisi na moto wa kulehemu, akaweka jingine alilolitoa kwenye simu ya kuuza. Akachomeka waya. Kioo kikawaka. Ilichukua muda kuamka, kisha Ikupa akafungua faili lile na Ihanda ikajitandaza kiganjani mwake, shamba kwa shamba, kona kwa kona, mipaka ya wale wazee wawili ikiwa palepale walipoikubali.

Elizabeti alifunika uso kwa leso. Anania akapiga meza, akasema huyu fundi nitampa godauni lote, akaamuru chai nyingine. Hata Elizabeti alicheka kidogo, akasema hapana, godauni limetosha, mpe mahali pengine.

Ikupa alikuwa tayari anazinakili ramani kwenye kompyuta, na kwenye simu yake, na kwenye simu ya Anania. Akiwa anasubiri, aliliokota lile tundu la chaji alilolitupa mezani. Alitaka tu kulisogeza. Akaligeuza. Vijino vyake vidogo vya shaba vilikuwa vyeusi, na alipovigusa kwa kucha vikatoa unga.

"Dada Elizabeti," alisema, "simu hii ilikuwa inakaa wapi?"

"Nyumbani. Kwenye ghala la mahindi, ndani ya gunia. Ningeiweka wapi pengine?"

"Mnatia vidonge?"

"Watu wote wanatia."

"Na sasa mahindi yako ghalani?"

"Ghala limevuja mwaka huu. Tumeyahamishia chumbani kwa mama." Elizabeti alikuwa bado na tabasamu la ramani usoni. "Jana jioni kaka yangu ametia dawa, tumefunga madirisha vizuri."

"Mama analala wapi?"

"Humohumo. Na wale watoto wa mdogo wangu."

Ikupa aliweka kile kipande mezani taratibu. Hakutaka sauti yake itoke kama ilivyokuwa ndani. "Piga simu nyumbani," alisema. "Sasa hivi."

Elizabeti alimtazama Ikupa, kisha Anania, na Anania alikuwa ameacha kumimina chai. Akapiga. Simu iliita muda mrefu. Ikapokelewa na kaka yake, kutoka shambani, mwenye haraka. Mama? Hajamwona leo. Watoto? Nao bado wamelala, aliona mlango umefungwa akawaacha, jana walichelewa.

"Kimbia," Elizabeti alisema. "Vunja mlango, watoe nje, usikae humo."

Hakukata simu. Aliiweka mezani katikati yao, sauti ikiwa juu, na wote watatu wakasikiliza mtu anakimbia kwenye majani makavu ya mahindi, huko Ihanda, pumzi zikikatika. Wakasikia kishindo cha kwanza cha mlango, na cha pili. Wakasikia akiita, mama, mama. Halafu vitu vikiburutwa. Halafu hawakusikia kitu, na kwenye kompyuta mstari wa kunakili ukafika mwisho, na hakuna aliyeutazama.

Mtoto mmoja akaanza kulia. Kilio kilikuwa dhaifu, cha hasira, kikafuatwa na kutapika, kisha kilio cha wa pili. Sauti ya kaka ikarudi karibu na simu, ikisema mama amefumbua macho lakini hawezi kusimama, anatafuta pikipiki ya kumpeleka zahanati.

"Niko njiani," Elizabeti alisema, na alikuwa ameshasimama. Anania alikuwa ametangulia nje kuwasha gari. Ikupa aliwafuata mpaka mlangoni, na ndipo alipogundua kwamba bado amevaa lile sweta. Akalivua, akaliacha kwenye ngazi, akaingia garini.